Bunge letu la Jumapili

Siku nne juu ya lori la samaki wakavu kutoka Pweto zilinifikisha Lubumbashi, ambako sikumjua mtu. Watu wa kwetu walikutana kila Jumapili. Mkutano ule tuliuita bunge, na ndio uliokuwa jamaa yangu pekee.

Mwenyekiti alitaka vilio vifanyike kwenye ukumbi wa kukodi, si nyumbani kwa wafiwa. Wengi walipokataa, alisimamisha mikutano mpaka mpango wake utimie.

“Papa, mimi niko upande wako,” nilimwambia. “Lakini ungetushinda kwa kura, si kwa kutufungia mlango.”

“Mungebishana mpaka Noeli, ndugu,” akacheka.

Ukumbi ulipatikana, mzuri kweli. Bunge lilipofunguliwa tulikuja watatu, na hakuna aliyebishana. Kesho yake nilipanda gari la Kasumbalesa, mpakani, na sikurudi.