Swamadi Haenei Kaburini

Hakuna harusi wala msiba wa maana Kariakoo uliopita bila masufuria ya Abdulswamad. Watu walimwita Swamadi. Duka lake lilikuwa Mtaa wa Swahili, maturubai yamekunjwa mpaka darini, viti vya plastiki vimepandana, na masufuria ambayo mbuzi mzima angeweza kuogeshwa ndani. Kazi yake ilikuwa kukodisha, lakini mtu anayekodisha sufuria la pilau haachwi aondoke hivihivi. Hukaribishwa. Akikataa ni dharau, akila kidogo ni kiburi. Swamadi alikuwa mtu wa adabu, kwa hiyo alikula kwa adabu zaidi ya miaka ishirini, akanenepa kwa heshima za watu mpaka ikawa haijulikani mkanda wa suruali unapita wapi.

Mwenyewe hakuona tatizo, na mji haukumwonesha. Huku kwetu tumbo la mfanyabiashara ni dhamana. Benki inaweza kumtilia mtu mashaka, lakini jirani akiona kitambi anajua mambo yanakwenda. Wapagazi walimpisha njia kwa furaha, na waliokuwa wanamdai walipunguza sauti wakimwona anavyokaa kitini.

Tatizo lake alioneshwa makaburini, siku ya kumzika baba yake. Swamadi alivua viatu, akapandisha kanzu na kuikaza kiunoni, akasogea ukingoni ashuke kumpokea mzazi wake kama mtoto wa kiume anavyotakiwa. Hapo akashikwa kiwiko na Abubakary, mdogo wa marehemu, mzee ambaye husimamia mazishi yoyote kana kwamba kateuliwa na serikali.

"Wewe kaa juu, Swamadi," Abubakary alisema. "Ukishuka wewe, marehemu tutamweka wapi?"

Waombolezaji waliinamisha vichwa kwa huzuni, ila mabega yao yalikuwa yanacheza. Wakashuka binamu wawili, na wa tatu akawa muuza viatu vya mtumba pale karibu na msikiti, mtu ambaye sifa yake pekee siku hiyo ilikuwa wembamba. Swamadi alibaki juu na donge la udongo mkononi, akimtazama muuza viatu anamlaza baba yake. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na uchungu ambao hakuweza kumwambia mtu.

Mtu mmoja aliuliza. Mama yake, Bi Siti, alikuwa ameshaanza kukaa eda, na wageni walipopungua chumbani alimwita mwanawe amkalie karibu.

"Nani kamshusha baba yako?"

Swamadi akamweleza. Bi Siti akanyoosha pindo la kanga yake, kisha akauliza tena.

"Na mimi atanishusha nani?"

"Mama, mambo gani hayo leo?"

"Nijibu, baba. Mwanamke anashushwa na maharimu wake, wale wasioweza kumwoa, na kaka zangu wote wameshatangulia. Wamebaki wale vijana wawili wa marehemu kaka, wa Ilala, na wewe mwanangu wa pekee. Au unataka anishike Abubakary? Hajapata kunishika mkono nikiwa mzima, aje anishike nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Basi jipunguze. Mimi sitaki kushushwa na muuza viatu."

Yakawa yamekwisha. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, akapewa kazi na mama yake aliye na afya njema: apungue ili amzike.

Sasa Kariakoo, kama mnavyoijua, inauza kila kitu, na mtu akitaka kupungua kuna maduka mengi yanamngoja. Swamadi alianza na chai ya majani iliyochorwa tumbo bapa kwenye boksi. Chai ile kweli ilimpunguza, maana ilimhamishia chooni, na alipotoka huko na kunywa maji, kilichopungua kikarudi. Akanunua mkanda wa umeme unaotetemesha kitambi. Ulitetemesha kitambi, na vikombe vya kabatini pia, mpaka mkewe Salma akauchomoa ukutani na kuuficha. Mwisho akakata shauri kutokula kabisa, isipokuwa matango na maji ya limau.

Matango yalimfikisha mbali. Asubuhi moja akiwa dukani anateremsha sufuria kubwa, dunia ikamzunguka, akaanguka yeye na rafu nzima. Kishindo kilisikika mtaa wa pili, watu wakadhani lori limeingia dukani. Walipokuja mbio waliangalia kwanza kama masufuria yamebonyea, halafu ndipo wakamwangalia yeye.

Salma alimpeleka zahanati, kwa daktari mmoja Mchaga aliyeitwa Blandina, mama mpole asiyependa porojo. Daktari akampima presha, akampima sukari, akaandika dawa, kisha akamuuliza kwa nini anajiua kwa matango.

"Nataka kupungua, daktari. Nataka nienee kaburini."

Daktari Blandina akaweka kalamu chini. "Baba, wagonjwa wangu wengine wote wanapungua ili wasiende huko."

Swamadi akamweleza habari ya mazishi, ya mama na ya muuza viatu. Daktari hakucheka, na kwa hilo tu Swamadi angempa maturubai bure maisha yake yote. Alimwambia kwamba mtu akijinyima chakula hivyo mwili unakula nyama yake wenyewe, nguvu zinakwenda na mafuta yanabaki yanamtazama. Ale, lakini sahani yake nusu iwe mboga, robo samaki au maharage au mayai, na wali uwe wa ngumi moja. Soda na chai ya sukari aachane nazo. Dawa za presha asiruke, na kila mwezi arudi apimwe. Ashuke polepole, nusu kilo kwa wiki inatosha, na presha ikitulia aanze kunyanyua vyuma ili anachopoteza kiwe mafuta na nguvu zibaki.

"Itachukua muda gani?"

"Mwaka, labda miwili. Mama yako anaumwa?"

"Mzima kabisa. Jana kamfukuza mtu na ufagio."

"Basi una muda," daktari akasema.

Vyuma vyenyewe alivipata Gerezani, nyuma ya karakana moja, ambako Zakayo, mwalimu wa mazoezi mwenye shingo nene, alikuwa na ukumbi wake wa mabati. Vijana walikwenda pale kutengeneza vifua, na muda mwingi waliutumia mbele ya kioo wakijipiga picha. Zakayo alimuuliza mgeni anataka nini: kifua, mikono au mgongo.

"Nataka kuchuchumaa, nipokee mzigo kutoka juu, niulaze chini taratibu. Usidondoke," Swamadi alisema. "Halafu niweze kupanda kutoka shimoni mwenyewe."

Zakayo alidhani huyu ni fundi wa vyoo, akaridhika. Akamwanzisha na kigoda: akae, asimame, akae, asimame. Vijana wa kioo walimwona mtu mzima anahema kwa sababu ya kigoda, wakamrekodi. Baada ya kigoda ikaja fimbo tupu ya chuma, kisha fimbo na magurudumu madogo, kisha mifuko ya mchanga. Magoti yapinde, mgongo unyooke, usizuie pumzi. Siku za katikati Zakayo alimkataza kuja, akamwambia alale, maana misuli hujengeka mtu akiwa amepumzika. Swamadi alishangaa kwamba kumbe kulala nako ni mazoezi, akajuta kwa kutoanza mapema.

Akapungua, polepole mno, kama daktari alivyotaka. Shida ikawa watu.

Mtaani wakampangia magonjwa. Wengine wakasema sukari, wengine wakasema ule usiotajwa jina, na wenye huruma zaidi wakasema ni mke mdogo tu. Kwenye harusi moja Ilala mama wa bibi harusi alimletea sinia, naye akachukua kipande cha nyama, kachumbari kibao na wali wa ngumi moja. Meza ya jirani wakamwona. Mtu akanong'ona kwamba mwenye masufuria mwenyewe hali pilau, kwa hiyo lazima kuna kitu anakijua kuhusu masufuria yale. Minong'ono ikatembea ukumbi mzima haraka kuliko wahudumu. Pilau la watu mia tatu likarudi jikoni, na mama yule hajamsalimia mpaka leo.

Abubakary naye alikuja dukani na wazee wenzake kumjulia hali. Walimsomea dua ya shifaa, wakamletea halua na maandazi ili arudishe mwili. Swamadi aliitikia amina kwa moyo mmoja, kisha akazigawa halua zile kwa wapagazi.

Lakini aliyemshangaza zaidi ni Bi Siti. Mwanzoni alifurahi, akawa anamsifia kwa majirani. Kadiri suruali zilivyokwenda kwa fundi kupunguzwa kiuno, furaha ikapungua nazo. Akaanza kutuma mikate ya sinia dukani, vitumbua alfajiri, maharage yanayoogelea tui. Swamadi akikataa, mama ananuna. Ikawa anamtazama mwanawe anavyoingia mlangoni, kuanzia mabega hadi tumbo, jinsi mtu anavyotazama wingu analolihofia.

"Mama kawa na nini?" Swamadi alimuuliza mkewe.

Salma alikuwa anachambua mchicha, hakuinua kichwa. "Baba Chiku, na wewe. Si alikwambia umshushe ukishapungua? Sasa umepungua. Anaona zamu yake imefika."

 Swamadi hakuwahi kuliona jambo hilo upande wa mama yake. Jioni ile alikwenda chumbani kwa Bi Siti, akamwamkia, akakaa chini miguuni pake, tena bila kushika kitu wala kuhema. Mama yake aliliona hilo, na halikumfurahisha.

"Umeshaenea?" aliuliza, sauti ndogo.

"Bado, mama. Bado sana."

Bi Siti akamwangalia, akavuta pumzi. "Ah. Basi usiharakishe."

Tangu siku hiyo kila Ijumaa aliulizwa, na kila Ijumaa alijibu bado. Akamwambia fundi asipunguze tena kanzu zake, akawa anaingia kwa mama yake amezivaa vilevile pana, zinamning'inia kama turubai lisilo na nguzo. Salma akacheka pembeni, mama akapata usingizi. Swamadi aliendelea kwenda Gerezani na kunyanyua mifuko ya mchanga kwa kazi ambayo aliomba Mungu isije. Vijana wa kioo wakaacha kumrekodi, wakaanza kumuuliza anakula nini.

Kazi ikaja miaka michache baadaye, wakati wa masika. Homa ya mapafu ilimkuta Bi Siti na umri wake, hospitali wakafanya walichoweza, na asubuhi moja yenye mvua akamwashiria mwanawe ainame.

"Umeshaenea?"

"Bado, mama. Bado kidogo."

"Mwongo wewe," Bi Siti alisema, akashika pindo la kanzu ya mwanawe kwa vidole viwili. "Hii inakupwaya tangu mwaka juzi."

Alifariki kabla ya adhuhuri.

Makaburini udongo ulikuwa unateleza. Abubakary alikuwepo na mwavuli, anaelekeza watu ambao hawakuhitaji kuelekezwa. Swamadi alivua viatu, hakumuuliza mtu, akashuka. Vijana wawili wa Ilala wakamfuata, na nafasi ikabaki. Waliobaki juu wakatandaza shuka juu ya kaburi kama inavyofanywa kwa mwanamke. Akasimama alivyofundishwa, magoti yamepinda, mgongo umenyooka, pumzi haijazuiwa. Akainua mikono kupokea.

Mama yake alikuwa mwepesi. Mwepesi hata mikono ya Swamadi ikapanda juu kidogo, kama ya mtu aliyenyanyua ndoo akidhani imejaa. Vyuma vyote vile, mchanga wote ule, na mzigo wenyewe ulikuwa huu. Ilimuuma kuliko kama angemlemea. Akamlaza taratibu ubavu wa kulia, akamwelekeza kibla, akafungua vifundo vya sanda, akaegemeza viunza, zile mbao za kumfunika, kimoja baada ya kingine mpaka hakumwona tena.

Vijana wa Ilala wakapanda. Swamadi akabaki amechuchumaa chini, kiganja juu ya mbao.

Huko juu watu walingoja. Abubakary akakohoa, akangoja tena, kisha akasema kwa ile sauti ya chini inayosikika na wote:

"Si nilisema mimi? Kanasa. Tafuteni kamba."

Watu wakaanza kuulizana kamba iko wapi. Swamadi aliwasikia vizuri. Kila upande wake palikuwa na nafasi, na miguu yake ingemtoa mle kwa hatua moja. Hakuwa amenasa. Alikuwa hataki tu kutoka.