Barua Niliyompelekea Bibi wa Watoto

Wakati huo nilikuwa afisa ustawi wa jamii wa kata moja pembeni mwa jiji la Dodoma, upande ambao viwanja vipya vinaishia na vilima vya mawe vinaanza. Wanawake wengi wa mtaa ule walikuwa wagonga kokoto. Waliondoka asubuhi na nyundo zao, wakakaa juani mpaka alasiri wakisubiri malori. Watoto wao wadogo, ambao hawajafikisha umri wa darasa la awali, waliwaacha kwa bibi mmoja mjane wa Kigogo, nyumba yake ikiwa njiani.

Mara ya kwanza niliingia pale kuomba maji ya kunywa. Nikakuta watoto kumi na kitu kwenye mkeka, chini ya kivuli cha turubai, wanakunywa uji wa uwele kwa vikombe vya plastiki. Bibi alikuwa anawaimbia kwa Kigogo huku akimfuta kamasi mmoja wao. Hakuna aliyekuwa akilia. Hilo lilinigusa kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na mtoto wa miaka miwili nyumbani Mkonze. Nilimwachia dada wa kazi ambaye sikuwa na imani naye sana, na kila asubuhi mtoto alinililia mpaka nafunga geti.

Kisha ukaja waraka kutoka juu: vituo vyote vya kulea watoto mchana visivyosajiliwa vifungwe kabla ya mwezi kwisha. Kusema kweli, waraka haukuwa mbaya. Ulitaka uzio, choo cha watoto, jiko lililo mbali na chumba cha kulala, na mlezi mwenye cheti. Ukiusoma ofisini unakubaliana nao. Bibi alikuwa na uzio wa miiba na choo cha shimo ambacho hata mimi nilikiogopa. Kuhusu cheti, chuo cha walezi kilipokea waliomaliza kidato cha nne. Yeye aliacha shule darasa la tatu.

Nikaandika barua kwa wakubwa zangu. Niliomba tumsaidie bibi ajenge choo na uzio, na tumlete mlezi mwenye cheti afanye naye kazi. Niliitwa kwenye kikao cha bajeti nikaieleza mwenyewe. Afisa wa elimu akasema kwa upole kwamba watoto wa idara yake wanaanzia darasa la awali. Wa afya akasema chini ya miaka mitano anahusika na chanjo na kliniki. Wote wakanigeukia mimi.

"Ustawi mnasajili," akasema mwenyekiti wa kikao. "Kujenga hamna fungu. Tafuta wadau."

Nilitafuta wadau. Mmoja aliniambia wao wanafanya kazi na vituo vilivyosajiliwa tu.

Siku ya mwisho ya mwezi nikampelekea bibi barua ya kufunga kituo. Nilimsomea, maana miwani yake ilikuwa imevunjika.

"Shikamoo tena, bibi," nikasema nilipomaliza.

"Marahaba. Sasa hawa wataenda wapi, mwanangu?"

"Serikali ina mpango, bibi."

"Mpango unaanza lini? Maana kesho ni Jumanne."

Nilimwomba asaini kwamba ameipokea. Akaweka dole gumba. Watoto walikuwa wamelala, na alininong'oneza nisiburuze kiti nikiinuka.

Wiki iliyofuata nilipanda kilimani. Watoto walikuwa kule kwenye kokoto na mama zao. Wengine walikuwa wamelazwa chini ya kanga zilizofungwa kwenye vijiti, wengine wanatembea katikati ya marundo, weupe kwa vumbi. Nikamsogelea mwanamke mmoja niliyezoea kumwona akimshusha binti yake kwa bibi. Binti alikuwa na miaka mitatu hivi, msemaji sana.

"Dada, hapa si mahali pa mtoto," nikamwambia.

Hakuacha kugonga. "Najua. Nionyeshe pengine."

Nikasimama pale na begi langu la ofisini. Yule binti akanionyesha mawe aliyoyapanga mstari, akaniambia hao ni wanafunzi wake. Baadaye nikashuka.

Hazikupita siku nyingi, kipande cha jiwe kikaruka kutoka kwenye nyundo kikampiga binti yule jichoni. Nyundo ilikuwa ya mama yake mwenyewe. Alimkimbiza duka la dawa, akapewa matone, akaambiwa asubiri. Habari zilinifikia siku ya tatu. Nikakodi bajaji nikawachukua wote wawili hadi hospitali mjini. Mtoto alilala mapajani mwangu njia nzima, jicho limefungwa kwa kitambaa, mkono mmoja umeshika kitambulisho changu cha kazi.

Daktari aliangalia kwa muda mrefu. Akasema lile moja limechelewa, la pili litaona vizuri.

Nje, kwenye benchi, nilianza kumwomba mama yule msamaha. Akanikatiza.

"Usiniombe msamaha, dada. Utanifanya nikuchukie, na leo sina nguvu."

Tukakaa mpaka jina la mtoto likaitwa dirisha la dawa.

Nilimpitia bibi kumweleza. Alikuwa ameshasikia. Mkeka ulikuwa umekunjwa umeegeshwa ukutani, naye alikuwa anachambua mlenda peke yake. Nikamwambia kama akiwapokea tena watoto, mimi sitakuja kukagua.

"Na akija mwingine?" akauliza. "Walisema ni kosa. Mimi mahakama siiwezi." Akaendelea kuchambua.

Miezi ikapita, nikapelekwa semina ya malezi ya awali, ukumbi mmoja upande wa Chimwaga. Tulipewa mifuko na kitabu cha mpango wenyewe, kizuri, kimeandikwa vizuri kabisa. Wakati wa maswali nilisimama nikawasimulia habari ya binti yule. Mwezeshaji akanishukuru, akaandika ubaoni "changamoto za usimamizi", kisha akatutangazia chai.

Sasa binti ameanza darasa la awali. Mama yake alinipigia simu kuniomba niongee na mwalimu ili akae mbele, upande ambao jicho zima linaona ubao. Nilienda. Mwalimu, msichana aliyetoka chuo juzi tu, alikuwa peke yake na watoto wamejaa sakafuni mpaka mlangoni.

"Mbele ndiyo wapi, madam?" akaniuliza, bila ubishi wowote. "Lakini nitajaribu."

Nilimwona binti katikati ya kundi, amegeuza shingo kama kuku anayesikiliza, anaimba herufi na wenzake. Sikumwita.