Nyama ya Kujichomea

Nimepika chakula cha kuuza pale Korogwe, jirani na stendi, kwa muda ambao sipendi tena kuuhesabu. Naamka kabla ya adhana ya alfajiri, nachambua mchele, nawasha jiko, na moshi umeshaingia hadi kwenye nguo zangu za Idi. Kwa hiyo mdogo wangu aliponiambia kule Dubai kwamba leo sitashika mwiko, atanipeleka hotelini nikae nihudumiwe, nilimshukuru kutoka moyoni. Tukafika, tukakaa, na mhudumu akatuletea nyama mbichi.

Mbichi kabisa, imekatwa vipande vyembamba na kupangwa kwenye sahani. Katikati ya meza palikuwa na tundu, ndani yake mkaa unawaka, juu yake wavu. Mdogo wangu akanieleza kwamba hoteli ni ya Wakorea, nyama ni halali, nisiwe na wasiwasi, na kwamba kwao mtu hujichomea mwenyewe hapo hapo alipokaa. Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Mimi nikimpelekea mteja wangu nyama mbichi na koleo, atanisema mpaka mji wa jirani, Hale, wasikie.

Nilikuwa nimechoka. Kikundi chetu cha kina mama kilikuwa kinarudi kutoka Umra, na ndege ilitulaza Dubai siku moja. Miguu ilikuwa imevimba, viatu nimevivaa kwa kuvikanyaga nyuma. Umra hiyo alinilipia yeye, mdogo wangu, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka tisa. Alinipokea kwa shikamoo, akanishika mikono yote miwili na kuniambia nimekonda. Nilikuwa na swali moja la kumuuliza, na swali lenyewe halikuwa langu.

Lilikuwa la binti yake. Alimwacha kwangu akiwa na miaka minne, akaenda kufanya kazi ya saluni, na akaahidi kwamba mtoto akimaliza darasa la saba atakuja kumchukua. Sasa mtoto alikuwa amebakiza mtihani tu. Siku zote nilipomwona amekaa kimya mno nilikuwa namwambia, mama yako atakuja. Niliposafiri alinisaidia kukunja kanga, na bila kuniangalia akasema, "Mama, muulize kama anakuja au haji. Nataka jibu moja tu." Mama ni mimi. Yule aliyemzaa humwita mama wa Dubai.

Na niseme ukweli, jibu hilo nililitaka hata mimi. Mtoto yule nampenda, hilo halina mjadala. Lakini nimelea wangu watatu, nikamlea na yeye, homa zake, sare zake, vikao vya wazazi shuleni, yote kati ya sufuria na sufuria. Nilitaka mtu mmoja aniambie, dada, umefanya vya kutosha, sasa nipe mimi.

Kabla nyama haijaiva, mhudumu alitandaza vibakuli vidogo meza nzima: kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, figili, maharage yaliyochipua, samaki wadogo kama dagaa waliokaangwa kwa sukari. Mimi nimekulia Kwamsisi, ambako mvua ikikataa watu hula kwa kupimiana. Kwetu mgeni hasazi. Ukirudisha bakuli lina chakula, mwenye nyumba atabaki kujiuliza amekukosea nini. Nikavimaliza vyote, hata wale dagaa wa sukari ambao sikuelewa walitendewa hivyo kwa kosa gani.

Mhudumu akaja akavijaza tena.

Nikadhani ameona nimependa. Nikavimaliza tena, taratibu, nikimeza kabichi ile kwa maji. Akavijaza. Kila nilipofungua mdomo niulize swali langu, ama mhudumu alikuwa ananiinamia na bakuli, ama mdogo wangu amekunja nyama kwenye jani la saladi na kunilisha kwa mkono wake kama bibi harusi. "Kula dada," alisema. "Umesafiri." Vilipojazwa mara ya nne nilihisi jasho linanitoka chini ya ushungi.

"Hawa watu wana nini na mimi?" nikamuuliza.

"Hapa ukimaliza wanaongeza, dada. Ukitaka waache, unabakiza."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mbona umeninyamazia?"

Aligeuza kipande cha nyama ambacho hata hakikuwa tayari kugeuzwa. "Ulipokuwa unakula ulikuwa huniulizi," akasema.

Hasira zilinipanda. Nilisukuma vibakuli pembeni, na nikamuuliza hivyo hivyo nilivyotumwa: unakuja kumchukua au huji? Akaitazama nyama mpaka ikaanza kutoa moshi. Miaka mitatu nyuma alikuwa ameolewa huko na mwanamume ambaye sisi tulimsikia kwa simu tu. Sasa akaniambia, kwa sauti ndogo, "Dada, mume wangu hajui kama nina mtoto."

Nyama ilikuwa inaungua. Nikamnyang'anya koleo na kuitoa, maana mikono yangu haiwezi kutazama chakula kikiharibika, hata siku kama hiyo.

"Mwambie kazi hainiruhusu," akasema. "Mwambie ni mambo ya viza. Nakuomba, dada."

"Ndiyo maana ukanipeleka Umra?"

Alijifunika uso kwa kitaulo cha moto tulichopewa cha kunawia, na mabega yakawa yanatikisika. Nilimchukia na nikamwonea huruma, vyote kwa wakati mmoja, na vyote vikanichosha. Nyama ilikuwa bado nyingi. Nikavuta sahani kwangu, nikaichoma yote kipande kwa kipande, na kumwekea mbele yake. Alikula akilia.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Ndani ya ndege niliyapanga, na ndani ya basi kutoka Dar nikayapanga upya: viza, mwajiri, mambo ya nchi za watu. Nilifika Korogwe mchana. Binti alikuwa kwenye banda letu la chakula na sare yake ya shule, anamenya ndizi za jioni. Akasimama, akaniamkia, akanipokea begi, kisha akarudi kwenye ndizi zake.

"Hatakuja," nikasema. Maneno yote niliyopanga yalinikimbia.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Zamani. Wewe ndiye ulikuwa unasema atakuja."

Nilikaa kwenye benchi la wateja, na begi bado liko katikati ya njia. Nikamuuliza, kama alikuwa anajua, alinituma kuuliza nini huko kote.

Alitumbukiza ndizi kwenye maji, akachukua nyingine.

"Ili uambiwe wewe, mama."