Utando Uliopigwa Pasi

Kaltum hakuwahi kumwacha mtoto atoke nyumbani na kola iliyokunjamana. Majirani zake wa Gasenyi walimcheka kwamba hata taulo anapiga pasi. Ndivyo alivyomlea Assia, peke yake, hadi akaingia chuo kikuu.

Mwaka mzima Assia alikuwa akitengeneza utando wa plastiki mwembamba. Aliushindilia gesi, akaupasha moto ukaumuka vipovu vidogo ndani kama mkate wa kumimina, kisha akauchaji kwa umeme mkali. Ukibonyezwa, alimweleza mama yake, unatoa umeme wenyewe. Kaltum aliitikia tu, "Mashallah."

Jioni ya kuamkia siku ya kuitetea kazi yake mbele ya maprofesa, Assia alikwenda kuoga. Kaltum alikuwa akinyoosha hijabu ya binti yake alipouona utando mezani, umevimba, pembe zimejikunja. Mtoto atasimamaje mbele za watu na kitu kama hiki? Akaufunika kitambaa, akapitisha pasi taratibu mpaka ukalala, akaurudisha kwenye bahasha.

Asubuhi, ukumbini, Assia aliuunga utando na taa ndogo kwa nyaya, akaubonyeza. Taa haikuwaka. Akabonyeza tena.

"Labda iko nafunga Ramadhani," alinong'ona Bonfils, mwanafunzi mwenzake. Watu wakacheka.

"Mademoiselle," akauliza Profesa Astère, "hii kitu uliipima kweli?"

"Jana iliwaka, Profeseri." Assia aliuinua utando kwenye mwanga. "Vipovu vyote vimelala! Sijui... labda nilitengeneza mubaya."

Kaltum, aliyekaa nyuma ukumbini, alihisi uso unawaka. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyejua. Lakini mtoto alikuwa anajitwika kosa lisilo lake, na mwaka wake wote ulikuwa unazama pale pale. Akasimama.

"Ni mi, Profeseri. Niliipiga pasi."

"Pasi?"

"Ilijikunja. Niliona haya mutoto aje nayo vile."

Safari hii ukumbi mzima uliangua kicheko. Bonfils alijifuta machozi. Profesa Astère peke yake hakucheka.

"Basi moto wa pasi ndio umeiua, si kazi yake," alisema. "Atengeneze ingine, tutakuja kuiona."

"Merci, Profeseri," alisema Assia. Alikusanya nyaya zake bila kumtazama mama yake.

Kaltum alitoka nje kwanza. Alisimama karibu na ngazi, mtandio ameushusha hadi machoni, asijue kama amngoje binti yake au atangulie nyumbani.