Nusu Siku ya Kisumu

Bado naikumbuka siku tuliyomwacha mama yangu Kisumu, na kwa kuwa barua yako imenifikia jana, mwanangu, nimeona nikusimulie kabla hujakata tiketi. Umeniandikia kwamba likizo hii utawapeleka watoto ng'ambo: Cairo siku tatu, Roma siku nne, London wiki nzima, halafu kurudi. Umeonyesha kila kituo na kila saa ya kuondoka. Karatasi yako ni safi sana. Na mimi niliwahi kuandika karatasi safi kama hiyo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikikaribia kumaliza mafunzo ya ualimu. Baba alikuwa fundi seremala kwenye mgodi wa dhahabu pale Geita. Kazi yake ilikuwa kuchonga magogo ya kuegemezea paa la mashimo chini ya ardhi. Tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi, watu wanne: baba, mama, mimi Masanja, na mdogo wangu Minza, aliyekuwa na miaka kumi na sita. Kwetu hasa ni Samuye, upande wa Shinyanga, na mfanyakazi wa kule akipata likizo alirudi nyumbani kulima au kuezeka nyumba. Mwaka ule baba alipewa likizo ndefu iliyokuwa imelimbikizwa kwa miaka mingi. Akatangaza jambo ambalo majirani walilicheka. Alisema tutalizunguka ziwa.

"Masanja mwakani anaanza kazi, sijui watampeleka wapi," alimwambia mama. "Minza naye ataolewa. Hatutakuwa tena wanne kwenye nyumba moja. Nataka tuone nchi za watu tukiwa pamoja."

Uganda na Kenya zilikuwa ng'ambo kwelikweli kwetu siku zile. Meli iliondoka Mwanza, ikapita Bukoba, ikaenda Entebbe na bandari ya Kampala, ikavuka hadi Kisumu, ndipo ikarudi Mwanza kupitia Musoma. Baba alikuwa anajua kusoma, lakini ratiba ya meli ilimchanganya. Aliniwekea daftari mezani.

"Wewe ndiye msomi," alisema. "Panga."

Mwanangu, mtu wa miaka kumi na tisa akiambiwa maneno hayo mbele ya dada yake huwa hasikii tena kitu kingine. Niliazima ramani kwa mwalimu wangu wa zamani nikaketi nayo siku mbili. Nilitaka kuona Kampala na vilima vyake. Nilitaka zaidi kuona bwawa la umeme lililokuwa likijengwa Jinja, kwa sababu chuoni walikuwa wakilizungumza kila siku. Nikaandika Bukoba siku moja, Kampala siku tano, Jinja siku tatu, kisha kurudi Kampala kupanda meli. Kisumu niliandika nusu siku. Meli ilikuwa inatia nanga asubuhi na kuondoka saa kumi jioni.

Huko Kisumu aliishi dada yake mama, mama mkubwa Kabula. Zamani, kabla sijajua kusema, aliolewa na Mjaluo mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya reli pale Shinyanga. Mume alipohamishiwa kwao, wakaondoka pamoja. Mama hakuwa amemwona tangu siku hiyo. Walitumiana salamu kwa midomo ya wasafiri, na mara moja moja kwa barua ambazo mimi au Minza tulimwandikia mama.

Nilipokuwa nasoma mpango wangu kwa sauti, mama alikuwa anapepeta mpunga mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila kuacha kupepeta:

"Kisumu tutalala?"

Nilikuwa nimeshaandika. Nilijua kabisa kwamba hatutalala. Nikajibu, "Tutaona, Mama."

Akasema, "Haya," akaendelea na mpunga wake. Minza alinitazama. Baadaye, tulipokuwa tunateka maji, aliniambia, "Kaka, Mama hajauliza jambo lingine lolote la safari hii." Nikamwambia asinifundishe kazi. Ndivyo nilivyomjibu, na sijivunii.

Safari yenyewe ilikuwa njema, nisiseme uongo. Tulipanda lori hadi ziwani, tukavuka kwa kivuko, tukafika Mwanza, tukapanda meli daraja la tatu, tukalala sitahani pamoja na wachuuzi na mafungu yao ya ngozi na ndizi. Bukoba tulinyeshewa. Kampala baba alisimama nusu siku nzima kwenye karakana ya seremala mmoja Mhindi, wakizungumza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, na alitoka pale na uso wa kijana. Minza alitaka kuona hospitali wanakofundisha wauguzi. Nilimpeleka kwa haraka kwa kuwa haikuwamo kwenye daftari.

Mama alitembea nasi siku mbili za kwanza. Siku ya tatu miguu yake ilivimba, akabaki kwenye nyumba tulimopanga. Alikuwa na kopo la samli na mfuko wa michembe, vile viazi vya kukausha vya kwetu, aliowabebea watu wa Kisumu. Kila tuliporudi tulimkuta ameuhamisha mfuko ule mahali pakavu zaidi.

Tulipofika Jinja, baba alisikia kwamba yapo mabasi ya kwenda Kisumu moja kwa moja. Aliniita pembeni.

"Hatuwezi kwenda na basi leo, tukaisubiri meli huko huko?" aliniuliza. "Mama yako angekaa na dada yake siku kadhaa."

Nilimwambia kwamba mpango utaharibika, na kwamba bwawa lenyewe hatujalizunguka upande wa pili. Baba aliniangalia kidogo, akasema, "Wewe ndiye unayejua." Tukaenda kutazama upande wa pili wa bwawa. Nakumbuka saruji na vumbi.

Kisumu tulifika asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Mama mkubwa Kabula alikuwa gatini. Alikuwa mwembamba, ameegemea fimbo, mguu mmoja akiuburuta. Hatukuwa tumeambiwa kwamba ni mgonjwa. Mama alishuka ngazi ya meli mbele ya watu wote, mwanamke ambaye siku zote hutembea nyuma. Wakaulizana kwa Kisukuma "mhola", wakajibizana "mhola duhu", tena na tena, kama watu waliosahau kwamba wameshasalimiana. Sisi tukatoa shikamoo zetu. Mama mkubwa alitushika vichwa mmoja mmoja.

Nyumba yake ilikuwa kwenye kota za reli, karibu na gati. Mumewe alikuwa kazini. Alitufungulia mlango, na pale, mwanangu, ndipo nilipoona nilichofanya. Kulikuwa na vitanda vitatu vimepangwa kwenye chumba cha mbele, na kimoja tu ndicho kilichokuwa chake. Viwili alikuwa ameviazima. Juu yake yalitandikwa mashuka yaliyofuliwa, bado na mikunjo ya kukunjwa.

"Baba Masanja na mkewe hapa," alisema. "Minza atalala na mimi. Masanja nimemwombea nafasi kwa jirani, ana vijana wa rika lako. Wiki mtakayokaa mtaona, mji huu si mbaya."

Baba alinitazama, na Minza akanitazama. Barua ya kumwarifu tunakuja niliiandika mimi. Nilitaja siku ya kufika. Siku ya kuondoka sikuitaja.

"Mama mkubwa," nilisema, "meli inaondoka saa kumi."

"Saa kumi ya lini?"

"Leo."

Alikaa kwenye kitanda kimojawapo. Hakulia wala hakulalamika. Alisema, "Basi mle kwanza, chakula kipo tayari." Tukala samaki na ugali wa mtama. Mama alikula polepole. Alimpa dada yake samli na michembe, wakazungumza juu ya watu wa Samuye, nani amezaa, nani amekufa, ng'ombe wa nani wamebaki. Mimi niliketi karibu na mlango nikitazama kivuli cha nyumba kikirefuka.

Saa tisa baba alisimama. "Mama Masanja, tukusanye vitu."

Mama alikuwa anamkanda dada yake ule mguu kwa samli. Hakuinua kichwa.

"Nyinyi nendeni," alisema. "Mimi nimefika."

"Umefika wapi?"

"Nilikokuwa nakuja."

Baba alikuwa na siku nne tu kabla ya kurudi kazini, na mgodi haukumsubiri mtu. Mimi ndiye niliyeanza kusema. Nilisema tiketi yake haitafaa meli nyingine. Nilisema hajui kusoma, Kiswahili chake ni cha sokoni tu, nani atamwonyesha njia ya kurudi. Nilisema mengi. Mwisho nikasema neno ambalo nilidhani ni la haki.

"Mbona hukusema mapema, Mama?"

Ndipo aliponitazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejitetea.

"Nilikuuliza kama tutalala," alisema. "Mimi nasemaga hivyo. Baba yako anajua, Minza anajua. Wewe umesoma vitabu vyote hivyo, na mama yako hujamsoma." Akarudi kwenye mguu wa dada yake. "Na ulijua jibu. Ungeniambia 'hatulali', ningekaa Geita nikalima bustani yangu, au ningelia nikanyamaza. Lakini ungekuwa umeniambia."

Tukaondoka watatu. Minza alitaka kubaki naye, mama akamkataza, akamwambia ampikie baba. Meli ilipong'oa nanga, mama hakuja gatini, alikuwa na kazi ya kufanya. Sitahani baba aliketi juu ya fungu letu kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Kosa ni lako, lakini mimi ndiye niliyekuachia daftari nikaenda zangu. Mke ni wangu." Hakuongeza tena, wala hakulirudia jambo lile maisha yake yote.

Wiki zilizofuata hazikuwa nzuri. Hapakuwa na habari. Watu wa nyumba za jirani walisema mke wa fundi amekimbilia Kenya, na baba alipita mbele yao na misumeno yake bila kujibu. Mimi ilinibidi kurudi chuoni kabla sijajua mwisho wake. Nilikaa darasani nikifundishwa namna ya kupanga somo la dakika arobaini, na kichwani nilikuwa naona mwanamke asiyejua kusoma akiulizia meli katika bandari ya watu.

Ilipita miezi miwili ndipo Minza aliponiandikia. Mama amerudi. Alipanda meli mwenyewe, akashuka Mwanza, akauliza njia kwa Kisukuma kwa wapagazi, wakamweka kwenye kivuko na kumtafutia lori. Alifika Geita mchana, akamsalimu baba, akauliza kama bustani ilipaliliwa. Baba aliacha kazi siku hiyo kabla ya saa yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mama mkubwa Kabula alifariki kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata. Habari zilifika kwa kuchelewa, alikuwa ameshazikwa. Nilikuwa nyumbani siku ile na mimi ndiye niliyeisoma barua. Niliogopa kuimaliza. Mama alisikiliza yote, akajifunga kanga kiunoni, akasema, "Nilimwogesha kwa mikono yangu miezi miwili. Sina ninachodai tena." Kisha akatoka kwenda kuwaambia wanawake wenzake ili waje kukaa naye.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kabla hujalipa, wakalishe watoto wako, wote, maana si wadogo tena. Mkubwa ana ndevu na mdogo ana siri zake. Muulize kila mmoja ni mahali gani hasa anataka kufika, na hapo mahali pake upape siku za kutosha, hata kama wewe hupaoni kuwa na maana. Muulize na mke wako, tena muulize mkiwa wawili. Anayesema sana utamsikia bila kujitahidi. Mtazame yule anayeuliza swali moja kisha akarudi kwenye kazi yake. Swali likiwa na jibu baya, lijibu vilevile. Usimwambie mtu "tutaona" wakati umeshaona. Wale mnaowatembelea waambie siku ya kuja na siku ya kuondoka, wasije wakatandika vitanda bure. Na kama huko njiani mmoja wenu atasema amefika, usimburute. Mpe nauli ya kurudi, mweleze njia, umwache.

Vituo viwili vikipungua hapo kwenye orodha yako, hakuna atakayekulaumu. Mimi bwawa la Jinja nimewafundisha watoto wa shule kwa miaka mingi, na sikumbuki hata mmoja aliyeniuliza kama nililiona.

Nendeni salama, na Mungu awatangulie katika kila mji mtakaoingia. Mkutane na watu wema. Watoto wako wakukumbuke katika safari hii kwa namna utakayofurahi kuisikia utakapokuwa na umri wangu, na mlango mtakaoubisha huko ugenini ufunguliwe na mtu aliye hai, mwenye afya na mwenye nafasi ya kukaa nanyi. Amina, mwanangu.