Siku Bisi Alipotoroka na Barua ya Posa

Nimekaa miezi bila kuisimulia habari hii kwa hiari yangu, na hata leo nikipita karibu na kijiwe cha bodaboda pale Masoko huwa natazama upande wa pili, lakini kwa kuwa nusu ya mji waliniona kwa macho yao na nusu nyingine wamesimuliwa na kuongezewa chumvi, naona heri nieleze mwenyewe, kwa mpangilio, jinsi ilivyokuwa. Aibu yangu ninaikubali tangu mwanzo ili tusipoteze muda.

Mimi ni fundi wa majokofu na pampu za maji. Darasani sikukaa sana. Nilicho nacho nimekipata kwa kusoma vitabu vya mashine ukurasa kwa ukurasa, na kwa kupima. Naamini katika kupima. (Mke wangu Somoe husema hata majani ya chai nayapima, na ni kweli, wala sioni ubaya wake.) Mwaka ule Somoe alipougua kidole tumbo, aliyempasua na kukaa naye mpaka alipofungua macho ni Dokta Neema, daktari mgeni aliyetokea Dar, nami nikamwambia kuwa akiwa na shida yoyote katika mji huu aje kwangu kwanza. Nilidhani ataleta jokofu. Akaleta mbwa.

Alikuwa anasafiri kikazi kwa wiki mbili. Mbwa mwenyewe ni wa aina inayoitwa pudo, tena ile ndogo kuliko zote, mwenye manyoya ya kujisokota rangi ya mahindi yaliyochomwa kidogo, na ndiyo maana akaitwa Bisi. Alimleta na bakuli lake, mpira wake, kamba yake, na karatasi mbili za maelekezo kwa mwandiko mzuri: Bisi atembezwe asubuhi na jioni, dakika ishirini au nusu saa kila mara, arushiwe mpira, afichiwe vitu avitafute maana akili yake nayo inataka kazi, na mstari wa mwisho ulisema, usidanganywe na udogo wake. Nilizisoma karatasi zile mara tatu. Sina kisingizio cha kutojua.

Siku ya kwanza nilimtembeza kama ilivyoandikwa. Tulipofika kijiwe cha bodaboda, vijana waliokuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakamkagua Bisi kwanza, kisha mmoja akaniuliza kwa adabu zote, "Shikamoo fundi. Huyo mbuzi wa akika mbona hajakua?"

"Siyo mbuzi," mwenzake akamsahihisha, "ni wigi la shemeji limeota miguu."

"Ni mbwa," nikajibu, maana nimezoea kujibu swali kwa usahihi, na jibu lile likawafanya wacheke zaidi kuliko utani wao wenyewe. Mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, mwenye ndevu zenye mvi, anavutwa na kitu kilicho kimo cha birika. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, penye mashimo.

Jioni ile ndipo nilipofanya uamuzi mdogo uliozaa mengine yote. Nilimweka Bisi kwenye mizani yangu nikapata kilo tatu na robo. Nikawaza kifundi: pampu ndogo hutumia umeme mdogo, pampu kubwa hutumia umeme mwingi, kwa hiyo mbwa wa kilo tatu na robo hawezi kuhitaji matembezi ya mbwa wa kilo thelathini, kuzunguka ndani ya stoo yangu ya uani kunamtosha. Hesabu ilikuwa safi. Lakini nitasema ukweli hapa, kwamba hesabu haikuja kwanza. Ilitangulia aibu ya kijiweni, na hesabu nikaiita baadaye ije kuitetea.

Siku ya pili Bisi alizunguka. Siku ya tatu alianza kuukimbiza mkia wake, akala ufagio, akaruka mpaka kwenye meza ya vifaa na kushusha bisibisi zote chini, moja moja, kama mtu anayetafuta saizi. Mimi nikaona amezidiwa na chakula, nikampunguzia theluthi moja.

"Baba Zuhura," Somoe akaniambia, "kiumbe hiki kinataka kutoka."

"Mashine ikizidi kasi unapunguza mafuta," nikamjibu.

"Haya, punguza. Ila Jumamosi nina wageni, na huyo mashine wako nisimwone uani kwangu."

Wageni wenyewe walikuwa wa posa. Binti yetu Zuhura, mwalimu wa chekechea, alikuwa ameelewana na kijana wa Miteja, mtoto wa wakulima, mtu wa sala na kazi, na mara moja kabla ya hapo posa nyingine ya Zuhura ilishavunjika kwa sababu ya maneno ya watu. Wiki ile nilimwona Zuhura akipiga pasi gauni lilelile mara mbili kwa siku, na mzazi anajua maana ya pasi kama hiyo.

Jumamosi saa nne asubuhi wakaja. Wanawake wakaingia ndani kwa Somoe, wanaume wakavua viatu na kukaa kwenye mkeka mpya barazani: Mzee Selemani, mshenga, mtu mkavu aliyenyooka kama rula, na Bwana Chande, baba mdogo wa kijana, mkulima wa korosho na ufuta mwenye mikono mipana. Upande wetu alisema kaka yangu Athumani, maana kwa desturi yetu baba wa binti hasemi katika shughuli ile. Kazi yake ni kukaa, kutulia na kusikia. Mzee Selemani akaweka sinia katikati ya mkeka, juu yake barua ya posa ndani ya bahasha, imefungwa kwenye kitambaa cheupe, akaanza kuzungumza taratibu juu ya ukoo wao.

Nami nikiwa sina la kusema nikaanza kuona mambo ya kifundi. Nikaona jasho kwenye paji la Mzee Selemani. Nikakumbuka feni niliyoitengeneza, iko stoo. (Athumani alinitazama kwa jicho la kusema kaa chini; sikulitii.) Nikaenda stoo, nikafungua mlango, na kabla sijaigusa feni kitu kikapita katikati ya miguu yangu kama risasi yenye manyoya.

Siku nne za kufungiwa zilitoka zote kwa mara moja. Bisi alizunguka ua mara tatu, akaruka beseni la pilau, akaingia barazani, akapita juu ya mapaja ya Athumani, akalamba mguu wa Mzee Selemani aliyekuja na udhu wake kamili, akasimama kwenye sinia sekunde moja, akakitazama kile kitambaa cheupe, akakibeba mdomoni na barua yake ndani, akatoka nje ya geti.

Mzee Selemani aliutazama mguu wake, kisha geti, akasema kwa sauti ya chini, "Barua imetoka nyumbani haijapokelewa. Kwetu sisi hiyo ni kukataliwa." Nyuma ya pazia nilimwona Zuhura amesimama, mkono mdomoni.

Nikakimbia. Kandambili ya kulia ilikuwa yangu na ya kushoto ya Somoe, kanzu nimeikunja na pindo lake nimeling'ata kwa meno, na kila nilipoongeza mwendo Bisi naye aliongeza, akigeuka kunitazama kwa furaha kubwa, maana alichokuwa akikisubiri siku nne ndicho hiki, mtu wa kucheza naye. Tukapita sokoni. Tukafika kijiweni.

"Profesa, kaza, cheti chako kinaondoka," mmoja akasema, akinitania kwa vitabu vyangu.

"Mwacheni, mbuzi wa akika amekua," akajibu yule wa kwanza.

Nilitaka kuwaambia wamzuie lakini kanzu ilikuwa mdomoni. Nilisimama karibu na duka la vifaa vya ujenzi, pumzi zimekwisha, na Bisi akasimama hatua kumi mbele, akaiweka barua chini, akanisubiri. Nikipiga hatua moja anaiokota.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Usimfukuze, bwana. Mkimbie." Alikuwa Bwana Chande, amekuja peku. Akapiga mluzi mmoja, akampa mbwa mgongo, akaanza kukimbia kuelekea nyumbani kwa mwendo wa mtu anayewahi mvua. Bisi akaokota mzigo wake akamfuata. Walipofika penye wembamba wa uchochoro Bwana Chande akachuchumaa, akaokota kijiti akakitupa pembeni, Bisi akaachia kitambaa akakikimbilia kijiti. Basi. Jambo lililonishinda kwa robo saa lilimchukua dakika mbili.

"Ninao watatu shamba," akaniambia huku akikishika kitambaa kwa pembe kavu. "Wananifukuzia nguruwe na nyani. Nikimfunga mmoja siku mbili, ya tatu anakula mlango wa jiko. Huyu umemfunga siku ngapi?"

"Nne. Lakini ni wa kilo tatu na robo."

Akanitazama kwa huruma. "Mbwa hakimbii kwa kilo, fundi. Mbwa asiyepewa kazi anajitafutia."

Tuliporudi, Mzee Selemani alikuwa uani akimalizia kuosha mguu, mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyoagiza kwa mate ya mbwa, Somoe akimmiminia maji na Athumani akihesabu. Bahasha ilikuwa kavu, ila kona moja imeng'atwa. Mzee Selemani hakuitazama. Alirudia kuwa yeye ni mjumbe tu, hawezi kudai barua imepokelewa wakati ilitoka mlangoni mwa binti mbele ya macho yake, na akaulizia viatu vyake. Nilifungua mdomo kuomba radhi, Athumani akanibana mkono.

Bwana Chande ndiye aliyesema, tena akiwa bado amesimama, jasho linamtiririka. "Mzee wangu, nimekwenda posa nyingi. Nimeona baba anayepokea barua amekaa, nimeona anayepokea kwa kununa. Sijaona baba aliyeifuata mpaka sokoni, kanzu mdomoni, viatu vya mkewe, mji mzima unamcheka, naye harudi nyuma. Anayekataa posa haikimbizi barua."

Mzee Selemani aliitazama kona iliyong'atwa ya bahasha, viatu mkononi. Kisha akaviweka chini, akakaa mahali pake kwenye mkeka, akamwambia Athumani, "Someni. Jibu mtatuletea Miteja wenyewe. Mletaji asiwe mbwa." Ndani kwa wanawake kikapigwa kigelegele, na cha kwanza nilikitambua, kilikuwa cha Somoe.

Siku zilizobaki nilimtembeza Bisi asubuhi na jioni kwa njia kuu, nikamrushia mpira, nikamfichia vipande vya muhogo nyuma ya pampu avitafute, na jioni alilala kama mtu aliyetoka kulima. Baadaye nilisoma kwamba asili ya mbwa hawa ni kuingia majini na kumrudishia bwana wao bata aliowapiga kwa bunduki, kwa hiyo hata alipobeba barua, ukitazama sawasawa, alikuwa akifanya kazi ya babu zake kwa kukosa nyingine. Dokta Neema aliporudi nilimweleza yote bila kupunguza, hata lile la chakula, akanisamehe, na juu ya msamaha akaniuliza kama harusi atakaribishwa.

Zuhura ameolewa Miteja sasa. Mimi nimejiwekea nadhiri kwamba nikipewa maelekezo ya kiumbe hai nitayafuata kwanza, na mizani nitaiacha kwa majokofu; na kwamba sitafungia tena kitu chenye pumzi ili kuficha haya zangu. Kila nikimaliza sala huwataja kwa majina, Dokta Neema kwa kumrudisha mke wangu, na Bwana Chande, mkwe mwenzangu, aliyeacha viatu vyake barazani kwangu akatoka peku kunifuata, wakati alikuwa na kila sababu ya kuvivaa na kwenda zake.