Jiko Lisilo na Ukuta

Miaka minne nilipika katika jiko la mavyaa wangu huko Malindi. Jiko lenyewe lilikuwa nyuma kabisa, ng'ambo ya ua, chumba cheusi kwa masizi chenye mlango wa kuinamia. Mimi nikichochea kuni, wifi yangu, aliyeachwa na mumewe akarudi kwa mamake, alikaa ukumbini na wageni, wanja machoni na asumini nyweleni. Chakula kikiiva alikuja kukipokea mlangoni, akaenda kukiandaa yeye. Ndiyo iliyokuwa ada, binti wa nyumba ndiye aandaaye. Wageni wakisifu mchuzi, yeye hujibu kwa aibu, "Tumejaribu tu." Tumejaribu! Na mimi huku nafuta machozi ya moshi kwa pindo la leso.

Mavyaa alijua nani anapika. Alinyamaza kwa kuwa alikuwa akimtafutia bintiye mume wa pili, na sifa ya mkono wa kupika ingempatia. Niliwachukia wote wawili, sioni haya kusema.

Mwaka mmoja kabla ya vita vya Wajerumani, mume wangu alipata kiwanja Mambrui. Siku hizo mke hasimami mbele ya fundi, kwa hiyo niliichora nyumba mchangani alfajiri, kwa kijiti, nikajificha nyuma ya ua wa makuti. Baraza ya wanaume nje. Ndani, ukumbi wa wanawake, na jiko ndani ya ukumbi huohuo.

Fundi akaduwaa. "Bwana, hapa ukuta umesahauliwa."

"Haukusahauliwa," nikajibu nyuma ya makuti.

"Bibie, moshi utawatoa wageni mbio! Na makuti yakishika moto?"

"Inua paa upande wa jiko, uache wazi juu. Ukuta sitaki."

Mume wangu akacheka, akadhani nimechoka kuvuka ua na mvua. Nikamwacha adhani hivyo.

Tulipohamia tukasoma maulidi, na kesho yake nikawaalika wanawake. Akaja mavyaa na bintiye, wakaja pia mama na dada za mwanamume aliyekuwa akimposa wifi. Hao niliwaalika mimi mwenyewe. Nikawakalisha wakilitazama jiko, kisha nikampigia wifi magoti kwa heshima zote.

"Wifi yangu, leo nyumba ni yako. Tupikie ule mchuzi wako wa changu."

Mavyaa akanitazama, akaelewa. "Mwanangu, mwenzio ni mgeni leo," akasema polepole.

"Mama, si mgeni, ni ndugu ya mwenye nyumba."

Mama wa mposaji akapiga makofi kwa furaha, akasogeza mkeka ili aone vizuri. Wifi akainuka. Nilikuwa nimemwekea kila kitu: samaki, vitunguu, bizari, na bakuli mbili za tui, zito na jepesi. Mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kukaa karibu na jiko anajua jepesi hutangulia, zito huja mwisho, moto ukiwa mdogo, likorogwe pasipo kusita. Yeye alishika zito, akalimimina lote mwanzo, akafunika chungu, akaongeza kuni. Nilihisi raha mpaka vidoleni.

Alipofunua, tui lilikuwa limekatika, mafuta juu, maji na mabonge chini. Hakuna aliyecheka. Mama wa mposaji alionja kwa adabu, akauliza, "Na ule tuliokula Malindi, alipika nani?" Mavyaa akatazama mkeka. Wifi akasimama na mwiko mkononi, wanja ukimtiririka, na safari hii haukuwa moshi.

Posa ikafa. Mwaka uliofuata mavyaa naye akafariki, na kwa kuwa mwanamke asiye na mume hukaa kwa ndugu yake, wifi akaletwa kwetu na sanduku lake. Ukumbi ni ule mmoja, mahali pengine pa kukaa hapakuwapo. Mume wangu alimhurumia, akauliza kama tujenge ukuta. Nikasema la, acha ajifunze.

Alikaa miaka mingi, akitandika mkeka wake palepale na kunitazama nikipika kila siku. Na kila siku, ukifika wakati wa kutia tui zito, nilimpa mgongo.